Sauti Iliyoombewa

9 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu hizi zinatoka kwa mtu mwenye hasira, kwa hiyo zipokee kwa uangalifu zisikuunguze. Hapa kwangu tu wazima. Wifi yako anasumbuliwa na goti, lakini ulimi wake hauna tatizo lolote. Mtoto wetu mkubwa amepata kazi ya kuchora ramani za majengo, na sasa anaitazama nyumba yetu kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyecheleweshwa. Mimi bado niko gazetini. Safu yangu bado inatoka kila Ijumaa, na bado napokea barua za wasomaji wanaoniombea nife au nitubu. Wengine wanaomba vyote viwili, kwa mpangilio huo huo.

Sasa tuingie kwenye ugomvi. Ulifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa shingo kabla ya Krismasi. Binamu, yule fundi redio, akanipigia kuniambia umetoka salama, nikashukuru. Tangu hapo nakupigia simu, inaita mpaka inachoka. Nikipiga kwa Mama, anapaza sauti "Nani? Nani?" kisha anakata, maana masikio yake na simu havijawahi kupatana. Halafu juzi naletewa barua yako. Barua! Yenye stempu! Mistari michache, na mingi ni salamu: "Kaka, tuandikiane kama zamani ulipokuwa bwenini. Nimechoka na simu." Wewe? Uchoke na simu wewe, uliyeitwa Chiriku kabla hujaota meno?

Kuna nini? Umeninunia? Ni yale niliyoandika juu ya wahubiri wanaouza miujiza kama sabuni? Sikumlenga mchungaji wako. Haya, nilimlenga kidogo. Unajua mimi na kanisa tuliachana siku ya mazishi ya Baba, pale mhubiri aliposimama mbele ya jeneza akasema kwamba tungekuwa na imani zaidi, Baba angekuwa amekaa nasi. Nilitoka katikati ya mahubiri na sijarudi. Lakini ugomvi wangu na kanisa haujawahi kuwa ugomvi wangu na wewe.

Pokea simu.

Kaka yako,
Lakini
(jina hili mlinibandika ninyi kwa ubishi wangu, sikujipa)


3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo, na usiitikie kwa sauti ya kununa. Mpe wifi pole ya goti, na mkubwa mwambie asiitazame nyumba sana, isije ikaanguka kwa aibu.

Mama hajambo. Anashinda kwenye kiti chake karibu na dirisha, anahesabu makosa ya majirani. Paa la jikoni linavuja upande wa jiko, Binamu ameahidi kuliziba. Mimi shuleni nimehamishwa. Darasa la kwanza amepewa mwalimu mwingine, mimi nimewekwa maktaba, nabandika lebo kwenye migongo ya vitabu. Pametulia.

Sijakununia. Koo halijakaa sawa, ndiyo tu. Daktari amesema tungoje. Mama huniambia, "Toa sauti, mwanangu, mbona unanong'ona kama unataka kuniibia?" Tunacheka.

Kanisani wananiombea. Mshonaji, yule wa sauti ya pili, ananishikia mazoezi ya kwaya. Wamepanga Jumapili ya shukrani baada ya Pasaka, na Mchungaji ameshatangaza kwamba siku hiyo nitasimama kuongoza. Alitangaza kwanza, akaniambia baadaye. Nakuomba usiandike chochote juu ya hili.

Mdogo wako


27 Aprili

Chiriku! Chiriku wa watu!

Salamu nyingi zisizo na ugomvi hata kidogo. Zihifadhi, hutapata nyingine za namna hii mwaka huu.

Binamu amenitumia rekodi ya ibada ya shukrani. Nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nimekaa chumba cha habari, watu wakinitazama. Mchungaji anasema, "Mwalimu, tupe nota." Kimya kidogo. Kisha kwaya nzima inaingia pamoja, kama mlango mkubwa unaofunguliwa, halafu vigelegele, ngoma, watu wanalia, "Amepona! Mwalimu amepona!"

Nilitoka ofisini bila kuaga. Nyuma ya kiwanda chetu cha uchapaji kuna kanisa dogo la matofali ambalo nimelipita miaka yote hii bila kugeuza shingo. Siku hiyo niligeuza. Nikaingia, nikakaa benchi la nyuma, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Nikamwambia Mungu, "Kama umemsikia mdogo wangu, basi mimi na wewe tuna la kuzungumza."

Sasa naenda kila Jumapili. Naam, mimi. Wifi yako ananitazama kama anayemtazama mwizi aliyerudisha mali. Hata hasira imepungua. Mhariri analalamika kwamba safu zangu zimekuwa na adabu na wasomaji wanapiga simu kuuliza kama ninaumwa.

Sasa pokea simu uniimbie. Ubeti mmoja tu. Nakuomba.

Kaka yako, aliyerudi


20 Mei

Mdogo wangu,

Barua yangu ilifika? Simu bado inaita bure. Binamu naye, nikimuuliza, anabadilisha mazungumzo na kunieleza habari za spika. Mama mzima? Andika hata mstari mmoja.

Kaka


18 Juni

Kaka yangu,

Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya furaha nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Ndiyo iliyonichelewesha. Mama yu mzima wa mwili. Paa limezibwa. Binamu amepata mtoto wa kike, mama na mtoto wote salama.

Sijapona.

Nimeliandika hilo peke yake ili nisipate nafasi ya kulizungusha. Daktari hakusema tungoje. "Tungoje" niliiongeza mimi. Alichosema ni kwamba mshipa unaoiamuru sauti ulikuwa umekumbatiwa na ule uvimbe, hawakuweza kuutoa mmoja wakaacha mwingine, na mshipa huo hauoti tena. Nina pumzi tu. Nikisema, mtu lazima alete sikio lake kwenye mdomo wangu. Ndiyo maana sipokei simu. Ndiyo maana niko maktaba.

Rekodi uliyoisikia haijachezewa. Unakumbuka kwamba kwaya yetu haina kinanda. Nota ya kuanzia hutoka kinywani mwangu: natoa "do", nainua mkono, wanaingia. Wimbo ule wa shukrani nimewafundisha miaka na miaka, wanauimba hata wakifua nguo. Siku ile Mchungaji alipoomba nota, niliwaza: nitafungua kinywa, hakitatoka kitu, watu wataona wenyewe, na sitalazimika kusema. Nikafungua. Ukatoka upepo. Nikainua mkono kwa mazoea tu. Na wao, Kaka, wakaingia. Sauti zote nne, palepale panapotakiwa, bila kuyumba. Waliichukua nota kwenye midomo yangu. Nilikuwa nimewafundisha vizuri mno.

Waliokaa kwenye mabenchi walidhani nimeitoa. Wanakwaya nao walidhani, maana kila mmoja aliamini mwenzake ameisikia. Vigelegele vikaanza, ngoma ikashika, Mchungaji akapiga magoti akilia. Yalikuwa machozi ya kweli, usimwite tapeli, nilimwona. Ningesema nini? Nani angenisikia? Nilibaki na mkono juu, nikawaongoza mpaka ubeti wa mwisho.

Baadaye wakaja kunikumbatia. Nikinong'ona, wananiziba mdomo kwa upendo: "Usiitumie bado, Mwalimu, iache ikomae." Ndivyo wanavyoeleza mpaka leo kwa nini sisemi wala siimbi. Napumzisha muujiza.

Nilikuwa nimeazimia kusema. Halafu ikaja barua yako kwamba umerudi. Miaka yote nimekuombea hilo. Sikuweza kuwa mimi wa kukutoa tena.

Nisamehe.

Mdogo wako


10 Julai

Wewe,

Salamu hazipo. Wote wazima, basi.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi, mtu mzima mwenye mvi, nikimshukuru Mungu kwa uwezo wa kwaya kukariri! Nililia kwa ajili ya mazoezi ya Jumatano!

Nimeandika safu. Ipo kwenye droo yangu, nimeipa kichwa "Napumzisha Muujiza", maneno yako. Sikumtaja mtu, na kila mtu atajua. Nimewauliza swali moja: imani yenu imeweka wapi jibu la "hapana"? Mungu wenu anaruhusiwa kutamka neno moja tu, "ndiyo", na akichelewa kulitamka mnamtamkia. Mgonjwa asipopona, mnamzika na lawama. Akikataa kufa, mnamvika ushuhuda asioweza kuuvua. Walimfanyia Baba hivyo alipokuwa maiti. Wewe wamekufanyia ukiwa hai, tena wanakuziba mdomo kwa mikono yao!

Na wewe! Kwa nini unaubeba uongo usiokuwa wako? Mlokole mwenye kusema kweli hata anapoulizwa umri wake, leo umekuwa mtunza siri wa kiwanda cha makofi?

Na Yeye. Nieleze juu Yake. Alikuwa akicheka nilipokuwa namwimbia? Mara ya kwanza nilitoka kanisani na hasira, na hiyo angalau ilikuwa mali yangu. Safari hii nitatoka na aibu. Jumapili iliyopita sikwenda. Hii inayokuja sijui.

Ukiniambia nisichapishe, sitachapisha. Lakini uniambie kwa nini.

Kaka yako


22 Septemba

Kaka yangu,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Mtoto wa Binamu ameota jino na anamuuma kila anayembeba, tumemtabiria atakuwa mwandishi wa safu. Shuleni wamenikubalia nibaki maktaba moja kwa moja. Nimechelewa kwa makusudi: nilitaka kwanza nifanye, ndipo niandike.

Kila Ijumaa Binamu aliniletea gazeti, nikafungua ukurasa wako, na safu ile haikuwamo. Asante. Sasa nikuambie kwa nini.

Kilichonisukuma ni Mama. Alipoambiwa nimepona, aliacha kunitania kwamba nanong'ona. Nikawa namjibu kwa pumzi yangu, anatikisa kichwa kama amesikia. Siku moja nikaingia chumbani kwake nikamkuta ameibana saa ya mezani sikioni, amefumba macho. "Saa naisikia," akaniambia. "Inagonga vizuri kabisa. Mbona wewe sikusikii, na sauti yako imerudi?" Kaka, alikuwa ameamini kwamba mimi nimepona na yeye ndiye masikio yamemfia, na alikuwa akiuficha ukiziwi wake asije akanipunguzia furaha. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa: SIO MASIKIO YAKO, MAMA. NI MIMI. Akasoma. Akaivuta shingo yangu, akaigusa penye kovu, kisha akakilaza kichwa changu mapajani kwake kama zamani. Nikalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimenyimwa. Kanisa lilikiziba kilio changu kwa vigelegele, wewe ukakiziba kwa hasira. Wao walitaka ushindi, wewe ukataka vita, na mimi nilikuwa na msiba. Sauti yangu imekufa. Hakuna aliyekuja kukaa nami. Ukichapisha safu yako, watakuja kupigana nawe juu ya kaburi lake, na mimi nitaendelea kulinda viti vya msibani visivyokaliwa na mtu.

Umeniuliza kama Mungu alikuwa akicheka. Sijui alikuwa akifanya nini. Nami nimemuuliza, na kwa maneno ambayo usingeamini yametoka kwangu. Ninachokijua ni kimoja. Mwanawe mwenyewe aliomba bustanini, kwa jasho, jambo moja, na hakupewa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hakupewa kwa kuwa imani yake ilipungua. Na palepale aliponyimwa aliendelea kumwita Baba. Nimepata pa kukaa hapo. Si pazuri, Kaka, sitakudanganya. Lakini sipo peke yangu.

Basi Jumapili iliyopita niliomba kipaza sauti. Mchungaji alinipa akitabasamu, akidhani ni ushuhuda. Nikakigusisha mdomoni. Spika zikatoa upepo, na kanisa zima likanyamaza ili linisikie. Nikasema: "Sijapona. Siku ile hamkusikia nota, mliujua wimbo. Tumeomba sote, na jibu nimelipata. Ni hapana. Bado namwita Baba. Naomba mniruhusu nilie."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa kanisa akapaza sauti, "Shindwa!" na mke wake akamwambia, "Shindwa wewe, kaa chini." Mchungaji alisimama muda mrefu, mikono yake haijui iende wapi. Mwishowe akashuka, akaja kukaa kando yangu kwenye benchi la mbele nilikorudi kuketi, bila neno. Kwa mtu wa kazi yake, hilo si dogo.

Kisha ibada ilipaswa kuendelea. Nikampa Mshonaji ishara atoe nota. Hajawahi kuitoa maishani mwake. Kwa woga aliitoa juu mno, maskini, na kwaya ikamfuata huko huko juu. Sauti ya kwanza ikaanza kukwaruza kabla ya kiitikio, na besi wakawa wananing'inia kama watu walioshika ukingo wa paa. Nilijua kosa liko wapi na linatengenezwaje. Mkono wangu ulianza kuinuka uwasimamishe. Nikaukalia. Nikakalia na wa pili. Nikawasikiliza wakiuimba wimbo wangu vibaya, ubeti baada ya ubeti, mpaka mwisho, na walipomaliza nikasema amina. Hakuna aliyeisikia ila Mchungaji.

Ukitaka kuondoka kanisani, sitakukimbilia. Ila usiseme umeondoka kwa sababu yangu. Mimi bado nimo.

Mdogo wako


8 Oktoba

Mdogo wangu,

Tu wazima. Goti la wifi yako limepona, au yeye amechoka kulitaja, sikuthubutu kuuliza.

Safu nimeichana. Mhariri, aliyekuwa akiingoja, akaniuliza ukurasa ajaze nini. Nikamwambia aweke matangazo ya viatu, yanasomwa zaidi.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Kila mara nilianza kwa kubishana nawe, na kila mara nilifika pale Mama alipoishika saa, nikaweka kalamu chini. Sina hoja. Nina neno moja ambalo katika barua zangu zote sikulikumbuka, kwa kuwa nilikuwa na mengine makali zaidi ya kusema. Pole. Pole sana, Chiriku. Nilikuwa naipenda sauti yako kuliko nilivyowahi kukiri, na sitaisikia tena, na jambo hilo linaniuma mpaka kwenye meno.

Nitakuja kabla ya mwezi kwisha. Sitakuja kugombana na mtu. Nitakuja kukaa nawe.

Jumapili nilikwenda. Sikuimba. Watu walipotoka nilibaki kwenye benchi, nikamwambia Mungu mambo ambayo hata gazeti letu lisingechapisha. Nilimwambia juu ya Baba, juu ya yule mhubiri, juu ya koo lako. Halafu akaja mama mmoja na ufagio, akaniomba niinue miguu, nikakatizwa katikati.

Jumapili ijayo narudi kummalizia yaliyobaki.

Kaka yako